Rivyu: kile kipimo cha CMT cha kiwele, nimekitumia miezi minne hapa Ruai

Kwanza kabisa hii kitu si dawa. Naanzia hapo ju wiki iliyopita jirani mmoja amenipigia simu ati nimuazime "ile dawa yako ya zambarau" akapake ng'ombe kwa kiwele, nikacheka mpaka chai ikanipalia. Ni kipimo tu, cha kuonyesha kama kiwele kina mastaitisi, yani ule ugonjwa wa kiwele. Sahani nyeupe ya plastiki iko na mkono kama sufuria, ndani vikombe vinne vifupi, kila chuchu na kikombe chake, alafu kuna chupa ya maji ya zambarau. Basi, imeisha. Hakuna betri, hakuna kuchaji, hakuna programu ya simu. Wanakiita CMT, yani California Mastitis Test, ju California ndiko kilitengenezwa 1957.

Mimi nafuga ng'ombe watatu kwa ploti ndogo, zero, yani wanalishwa zizini, majani ya nepia nanunua. Mkubwa tunamwita Madamu ju anatembea kama hedimistresi akiingia paredi, akikuangalia unajikuta umeficha mikono nyuma. Madamu alikuwa ananipa lita 18 kwa siku, 11 asubuhi na 7 jioni, na hizo ndo zinalipa karo usinione hivi.

Sasa mwezi wa tatu mvua ikiwa imeanza tu, jirani akaleta mtamba kutoka sokoni. Hakuuliza umetoka boma gani, hakuuliza kama umechanjwa, alipenda tu rangi. Siku chache mtamba ukaanza kutoa mate ya povu, kuchechemea, mimi naskia tu kwa kijana wangu. Ua letu na lao linatenganishwa na mabati, na vijana wetu wanaazimana wilibaro na hata gambuti, kwa hivyo usiniulize ugonjwa ulipitia wapi. Haikupita wiki mbili Madamu akakataa dairimili asubuhi, na Madamu hajawahi kukataa chakula tangu nimjue. Mate mpaka chini, anainua mguu mmoja mmoja kama anakanyaga makaa. Malengelenge kwa ulimi, malengelenge kati ya kwato, na kitu ambacho sikuangalia siku hiyo ni kwamba kulikuwa na malengelenge mengine kwa chuchu mbili za nyuma.

Ugonjwa wa miguu na midomo. Nilijua kabla mtu aniambie. Na nilijua pia kuwa chanjo ilifaa irudiwe mwezi wa kwanza, hiyo ni ya kila miezi sita, nikasema wacha nilipe karo kwanza ng'ombe watasubiri. Na chanjo yenyewe inatengenezwa hapa Embakasi, kwa KEVEVAPI, lile shirika la serikali la chanjo za mifugo, si ati inatoka ng'ambo, ni hapo tu, naweza fika nikirudi kabla ya maziwa ya jioni. Inauma hiyo bana.

Tukaripoti kwa ofisi ya mifugo kama inavyotakiwa, tukafungiwa, hakuna ng'ombe kuingia wala kutoka. Dawa ya kirusi yenyewe hakuna, unaosha vidonda, unampa chakula laini, unangoja. Ulimi ulipona haraka nikajua tumevuka.

Hatukuwa tumevuka. Malengelenge ya chuchu yalipasuka yakaacha vidonda, kile kipele kikikauka kinakaa pale pale kwa mdomo wa chuchu, kijana akishika tu Madamu anatupa teke ndoo inafika kwa mlango. Kwa hivyo akawa anakamua kidogo anaacha, maziwa yanabaki ndani. Siku ya sita chuchu ya nyuma kushoto ikatoa mabonge kama mtindi ulioharibika, upande huo wa kiwele mgumu kama kiazi kibichi na ni wa moto ukigusa.

Hapa ndo rivyu ya maduka inaingia, na majina siweki, ya wabaya siweki na ya wazuri pia siweki msije mkasema nimelipwa.

Duka la kwanza, hapa hapa karibu na Kangundo Road. Naingia nasema ng'ombe ana kiwele, kijana hajainua macho kwa simu, mkono unaenda kwa rafu wenyewe, tyubu tatu za antibayotiki za kuingiza kwa chuchu, 350 kila moja, "weka moja kila baada ya kukamua mama." Hakuuliza ni chuchu ngapi. Hakuuliza kama ng'ombe amekuwa mgonjwa. Hakuniambia maziwa nimwage siku ngapi, hiyo nilisoma mwenyewe kwa karatasi na miwani. Mabonge yakapungua siku mbili yakarudi. Duka la pili, tyubu ya rangi nyingine, hii ndo kali mama, tatu tena. Duka la tatu nilienda mpaka mjini nikijua wa mjini wanajua zaidi, jamaa amevaa dastikoti nyeupe, nikamuita daktari kwa heshima yote, akaniuzia zile zile za duka la kwanza. Zile zile! Pakiti nilikuwa nayo kwa mkoba, nikalinganisha nikiwa kwa matatu.

Piga hesabu na mimi. Tyubu 9 kwa 350 ni 3,150. Maziwa nimemwaga karibu siku 19, Madamu saa hiyo ameshuka mpaka kama lita 8, nauza 70, hiyo ni zaidi ya elfu kumi imeenda kwa mtaro. Na chuchu bado inatoa maji maji ya manjano.

Duka la nne ndo lilinipa hii sahani. Mwenye duka ni mama wa makamo, nikamwambia nataka tyubu, akaniambia ngoja kwanza, akaanza kuuliza. Amezaa lini? Chuchu gani? Umeweka nini tayari? Alikuwa na miguu na midomo? Nikasema ndio mwezi uliopita. Akanyamaza kidogo akasema mama sikuuzii tyubu, akachukua hii kutoka chini ya kaunta, 2,800, na namba ya daktari kwa karatasi. Nilikasirika kidogo nitasema ukweli, nimekuja na 1,050 natoka na deni. Lakini mtu anayekataa pesa yako kwa duka Nairobi hii, huyo unamsikiliza.

Vile inatumika. Saa kumi na moja asubuhi, tochi kwa kichwa, umeosha chuchu umepangusa. Unakamua mara mbili tatu za kwanza unamwaga, alafu unakamulia kila chuchu kwa kikombe chake, kidogo tu, kama kijiko cha chai hakijajaa. Unainamisha sahani ile ya ziada imwagike mpaka kila kikombe kiwe sawa. Unaweka ile zambarau kiasi sawa na maziwa. Unazungusha polepole kama unapoza chai kwa sosa. Sekunde kumi unaona, na usikawie ju ukikawia inayeyuka tena unadanganyika.

Maziwa mazuri yanabaki maji, yanateleza tu. Maziwa mabaya yanashikana. Ile ya nyuma kushoto ya Madamu ilishikana hapo hapo ikawa kama ute wa yai, ukizungusha inajikusanya katikati inakuwa kilima, haitaki hata kumwagika. Hiyo nilitarajia. Kilichonishtua ni kikombe cha nyuma kulia. Hiyo chuchu ilikuwa sawa! Maziwa meupe, hakuna bonge, kiwele laini, kabla ya mambo ya tyubu tulikuwa tunakunywa hayo maziwa, watu wa ploti wananunua. Nayo ikawa uji mzito. Nikarudia nikidhani nimechanganya vikombe. Uji tena.

Yani hicho ndo kitu nalipia kwa hii kifaa. Macho yangu na mikono ya kijana haingeona hiyo mpaka iharibike. Yale maji ya zambarau ni jamii ya sabuni, inapasua zile seli nyeupe za kinga ambazo mwili umetuma kwa kiwele kupigana, vitu vya ndani ya seli vinanatana, ndo ule ute. Ng'ombe mzima anakuwa na seli chini ya laki mbili kwa kila mililita. Ute ukiwa kilima kama ule wa Madamu unaongea mamilioni.

Lakini, na hapa muwe makini, inakuambia kuna vita, haikuambii adui ni nani. Hiyo ndo kasoro kubwa na si kosa la mtengenezaji, ni vile kipimo kilivyo.

Kwa hivyo nikampigia daktari wa kwenye karatasi. Akaja na bodaboda, msichana mdogo, umri wa kitinda mimba wangu, roho ikaniambia ai, huyu? Kitu cha kwanza hakuangalia ng'ombe. Akamwambia kijana wangu, leta mikono nione. Akaigeuza, akaangalia kati ya vidole. Baadaye ndo akanieleza kuna kirusi kingine jamii ya ndui kinakaa kwa chuchu na kinaingia mtu mikononi kikitoka kama uvimbe, mkamuaji anakibeba kutoka ng'ombe mmoja mpaka mwingine bila kujua. Hakupata uvimbe. Alipata kucha, ndefu kama za bi harusi, na kijana akazikata hapo hapo mbele yetu na wembe.

Alafu akachukua sampuli, akapangusa mdomo wa chuchu na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, vichupa viwili, kushoto na kulia, kwa kikasha cha barafu, zikaenda maabara upande wa Kabete kuoteshwa waone ni bakteria gani. Akaniambia mapema, mama hii ya kushoto umeijaza antibayotiki wiki tatu, inaweza rudi haina kitu na haimaanishi iko sawa. Na ndivyo ilivyokuwa. Kushoto hakukuota kitu. Kulia kukaota stafilokokasi aureasi, mdudu mbaya huyo anaambukizwa na mikono na kitambaa wakati wa kukamua na ni mgumu kutoka.

Nikamuuliza sasa kama kushoto hakuna bakteria, ni kile kirusi ndo kimekaa ndani? Alinijibu vizuri nikapenda. Akasema karibu kila mastaitisi utakayoona ni bakteria, lakini virusi vina njia zao. Kuna vinavyopasua ngozi ya chuchu tu, kama miguu na midomo, kama lampi skini, ule ugonjwa wa mapele ya ngozi, kama hiyo ndui, na mlango ukishaharibika bakteria wanajiingilia hata bila kubisha. Kuna vile havigusi kiwele kabisa lakini vinashusha kinga ya ng'ombe mzima, akataja ule wa BVD, ugonjwa wa kuhara wa ng'ombe. Na kuna vile vimewahi kupatikana ndani ya maziwa ya ng'ombe wenye mastaitisi, virusi jamii ya hapesi ya ng'ombe, cha kwanza na cha nne, na kingine cha mafua kinaitwa parainfluenza 3, na hicho cha miguu na midomo pia, hiki wakijaribu kukiweka moja kwa moja ndani ya kiwele nyama ya kiwele inakufa. Maabara ikifanya kalcha ya kawaida, yani huko kuotesha, haitafuti virusi, inatafuta bakteria, kwa hivyo ikirudi tupu kuna sababu nyingi, dawa uliyoweka, mdudu ambaye haoti kwa sahani ya kawaida ya maabara, ama ng'ombe alishamaliza bakteria mwenyewe, ama kirusi. Kwa Madamu dau lake lilikuwa kwamba kirusi kilifungua mlango, bakteria wakaingia, mimi nikawapiga nusu na tyubu za duka na kiwele kikawa kimeshaumia.

Alafu akasema hii, nimeibandika kwa ukuta wa zizi: tyubu haiui kirusi hata ukiweka katoni. Bakteria wakiwa wamefuata kirusi unatibu bakteria na dawa iliyochaguliwa na maabara, na kidonda unakitibu kama kidonda.

Kulia ilipona, kwa dawa moja iliyopimwa, na kupima tena baada ya wiki tatu kikombe kikawa maji safi. Kushoto imekauka. Madamu sasa ni wa chuchu tatu, lita 13, na bado anatembea kama hedimistresi.

Turudi kwa kifaa ju nimeenda mbali.

Ubaya wake. Kifuniko cha chupa ni cha ovyo, ilivuja kwa matatu ikapaka mkoba na sketi, na zambarau hiyo haitoki na sabuni ingawa yenyewe ni kama sabuni, elewa hiyo. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza na herufi ni za sisimizi. Zambarau ya kwangu ni ya kuchanganya na maji kabla ya kutumia na hiyo nilikuja kuona nikiwa nimeshatumia robo ya chupa ikiwa nzito hivyo, mwenye duka hakuniambia, hapo nampunguzia alama. Sahani ni laini mno, Madamu aliikanyaga mara moja kikombe kimoja kikapasuka ufa.

Na kuna hii ambayo ilitaka kuniua na presha. Mtamba wangu alizaa mwezi wa saba, siku ya pili nikampima kwa mbwembwe, vikombe vyote vinne vikawa ute. Vyote! Nilikaa chini kwa ndoo. Nikampigia daktari saa kumi na mbili asubuhi nikilia, akaniuliza amezaa lini, nikasema juzi, akacheka kwa upole. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, imejaa hizo seli kiasili, ng'ombe akitoka kuzaa unangoja kama wiki ama zaidi kidogo ndo kipimo kiwe na maana. Vile vile ng'ombe anayekaribia kukaushwa, lita zikiwa zimeshuka sana, anaweza kukudanganya. Siku ya kumi nikapima, maji matupu, nikanunua soda ya watu wote.

Pia usitarajie ikuambie kitu kama kiwele kimeshavimba na kinatoa mabonge. Hapo hauhitaji kipimo, unahitaji daktari. Hii ni ya kutafuta ile iliyojificha. Mimi napima kila Jumapili mbili, na nikipata kikombe kinashikana huyo ng'ombe anakamuliwa wa mwisho, kitambaa chake peke yake, na kila mmoja akimaliza kukamuliwa chuchu zinachovywa kwa ayodini. Kidonda kikiwepo napaka jeli ya kukamulia. Sahani naosha kati ya ng'ombe na ng'ombe, hiyo msisahau, utapima ng'ombe wa kwanza mara tatu.

Chanjo nazo sasa zimeandikwa kwa kalenda ya ukutani na wino mwekundu, miguu na midomo kila miezi sita, lampi skini mara moja kwa mwaka, tulijiunga watu watano wa hii mtaa daktari anakuja na kikasha chake cha barafu siku moja anachanja wote, inakuwa rahisi kuliko kila mtu kivyake. Jirani wa mtamba pia yuko kwa kikundi. Hatujaongelea ile mambo na hatutaiongelea.

Alama: kipimo chenyewe nyota 4 kati ya 5, moja nimetoa ju ya kifuniko na sketi yangu. Duka la nne nyota 4, angeniambia mambo ya maji ingekuwa 5. Daktari 5 na ukitaka namba utanitafuta inboksi. Yale maduka matatu ya tyubu siwapi kitu, na yule wa dastikoti nyeupe namngojea tu siku nitapita mjini na Madamu mwenyewe.

Na swali langu kwenu, chupa yangu imebaki kidogo chini, kila duka nikiuliza wananiambia lazima ninunue seti nzima na sahani. Kuna mtu anajua Nairobi hii wapi wanauza ile zambarau peke yake? Sahani bado inafanya, kile kikombe chenye ufa natumia kwa chuchu ya kushoto ya Madamu ambayo haina kitu.